Kamati za Shule na Ruzuku za Kuziimarisha: Madaraka ni ya Nani?

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa neno "kuimarisha" halikosekani katika mipango ya elimu ya nchi yetu. Kamati za shule za msingi zinaimarishwa, bodi za shule za sekondari zinaimarishwa, na vyombo vya ushauri vya wazazi vilivyoundwa pembeni mwa kamati hizo navyo vinaimarishwa. Kila mpango unaokuja na fedha, uwe wa Serikali au wa wahisani, una fungu lake la kazi hiyo. Hapana budi makada na wanafunzi wa siasa tuulize swali ambalo wahasibu wa mipango hiyo hawaulizi: kamati inaimarishwa ili ifanye nini, na mbele ya nani? Chombo hakiwi imara hewani. Kikiwa imara, kipo mtu ambaye jana aliamua peke yake na leo hawezi tena kuamua peke yake. Kama hayupo mtu wa namna hiyo, basi kilichoimarishwa ni jalada tu.

Makala hii haipingi ruzuku. Anayedhani kwamba kijiji maskini kinaweza kuendesha shule kwa jasho lake tupu hajafundisha katika darasa la watoto mia moja. Tunachohakiki ni fikra iliyojificha ndani ya ruzuku hizi, fikra kwamba udhaifu wa kamati ni upungufu wa fedha na ujuzi, na kwamba ukimpa mjumbe semina ya siku mbili na kitabu cha miongozo amekwisha kuwa na madaraka.

Tuanze na historia, nayo tusiipambe. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya jumuiya inayoizunguka, isiwe kisiwa cha watu wanaongoja vyeti. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbele zaidi, ukashikilia kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao wenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaweka shabaha ya elimu ya msingi kwa wote ifikapo Novemba 1977, na madarasa mengi yakajengwa kwa mikono ya wanavijiji. Hata hivyo katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1972, serikali za mitaa zilifutwa na madaraka yakapelekwa mikoani na wilayani, yaani kwa maofisa. Mwananchi aliitwa kushiriki katika kutekeleza. Katika kupanga aliitwa mara chache, na katika kufikiri mara chache zaidi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilipozipa kamati za shule na bodi za shule nafasi ya kisheria, mazoea ya kuzitumia kama mikono badala ya vichwa yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Miaka ya themanini ilipoleta uhaba na michango ikarudi, kamati nyingi ziligeuka kuwa wakusanya madeni. Mwenyekiti alijulikana kijijini kama mtu anayebisha hodi kudai pesa ya shule. Sifa hiyo haijafutika mpaka leo mahali pengi, na wanaoshangaa kwa nini wazazi hawaji mikutanoni wangeanzia hapo.

Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006. Ada ilifutwa, na watoto waliokuwa shuleni waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, na palikuwa na ruzuku nyingine ya maendeleo kwa ajili ya majengo. Kwa mara ya kwanza kamati za shule zilipewa akaunti za benki, mafunzo ya kutunza fedha na wajibu wa kusimamia ujenzi. Hilo lilikuwa jambo kubwa na tusilibeze. Mkulima aliyekuwa hajaingia benki maishani mwake aliweka sahihi ya kutoa fedha za umma. Madarasa yalisimama, na kijijini watu walijua saruji iliingia mifuko mingapi.

Lakini tazameni mpangilio wenyewe. Katika kila dola 10, dola 4 zilitengwa kwa vitabu, na miongozo ikapanga mafungu ya fedha zilizobaki. Kamati iliyosemwa kuwa na madaraka juu ya ruzuku ilikuta maamuzi makubwa yamekwisha kufanywa: kiasi, mafungu, muda wa kutumia, fomu ya kutolea taarifa. Iliachiwa kuchagua duka la kununulia chaki. Kiwango kilichotangazwa pia hakikufika kamili, wala hakikufika kwa wakati, na kamati haikuwa na njia ya kudai kilichopungua. Haikuwa na barua iliyoandikwa kwake yenye kusema, "Mnastahili kiasi hiki, tarehe hii." Asiyejua anachodai hawezi kuwajibisha mtu.

Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, Hazina ilipeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Tunausifu uamuzi huo bila kusita, kwa kuwa uliondoa kituo kimoja ambapo fedha zilikuwa zikipumzika njiani mpaka zikasahau zinakokwenda. Kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zikabaki kwa ajili ya vitabu. Tufanye hesabu. Mwaka 2002 dola moja ilikuwa haijafikia shilingi 1,000, kwa hiyo shilingi 10,000 zilikaribia kuwa dola 10 kweli. Mwaka 2016 dola ilikuwa imepita shilingi 2,000, na zile 10,000 hazikufika hata dola 5. Shule yenye watoto 400 ilipata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, iliyoanza kulipwa wakati huo huo, ilikuwa nayo shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatusemi posho hiyo haikustahili; kazi ya mwalimu mkuu ni nzito na ilidharauliwa kwa muda mrefu. Tunaonyesha tu ukubwa wa kitu ambacho kamati inaitwa kukisimamia kwa mbwembwe zote za utawala bora. Wajumbe kumi na zaidi, wote wa kujitolea, wanakaa kikao cha nusu siku kujadili fedha inayolingana na posho ya mtu mmoja, na mgawanyo wake umekwisha kupangwa.

Hapo ndipo umangimeza unapopata nafasi. Kwa kadiri fedha zilivyo ndogo, taratibu zimekuwa kubwa. Tangu 2017 shule na zahanati zilianza kuingizwa katika mfumo wa uhasibu wa vituo unaoitwa FFARS, na tangu 2023 ununuzi wa umma umepelekwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mifumo hii ina faida za kweli, na mwizi wa daftari la risiti hawezi kuipenda. Lakini nani anaifungua? Mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa kazi ya uhasibu, pale penye umeme na mtandao. Mjumbe wa kamati hana neno la siri la kuingilia. Makao makuu yanaiona shule vizuri kuliko zamani, lakini mzazi anayeishi hatua mia mbili kutoka shuleni haoni zaidi ya alivyoona mwaka 2003. Uwazi ulioongezeka unaelekea juu. Kwa nadharia yetu chombo cha wananchi kinachowajibika kwa aliye juu peke yake kimekwisha kuwa tawi la ofisi, hata wajumbe wake wakiwa wamechaguliwa kwa kura.

Mwalimu mkuu mwenyewe tusimfanye adui. Yeye ni katibu wa kamati. Anaandaa ajenda, anafafanua waraka, anatoa taarifa ya mapato, anaandika muhtasari, na halafu ndiye anayetakiwa kuhojiwa kwa taarifa na muhtasari huo huo. Ukiweka malaika katika kiti hicho, mwaka wa pili atakuwa anawaletea wajumbe karatasi za kusaini. Katika bodi za sekondari hali ni nzito zaidi, kwa kuwa wajumbe wake huteuliwa na mamlaka. Hawachaguliwi na wazazi. Kuna bodi ambazo wazazi hawajui hata mjumbe mmoja kwa jina.

Sasa tuje kwenye vyombo vya ushauri. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, ulianza katika mikoa saba, ikiwamo Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Pamoja na mafunzo ya walimu na ya kamati, ulianzisha Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, wenye wawakilishi wa wazazi kwa madarasa, na ukautengea ruzuku ndogo ndogo. Lipo jambo la kujifunza hapa. Mzazi anayewakilisha darasa la mwanawe ana kitu anachokijua. Anajua mwalimu wa hesabu hakuingia darasani wiki nzima. Hahitaji semina ili alijue hilo. Kamati inayojadili shule nzima kwa jumla mara nyingi haina elimu ya namna hiyo.

Lakini dosari ya kinadharia ni kubwa. Chombo chenye madaraka ya kisheria kilipoonekana dhaifu, dawa iliyotolewa ilikuwa kuunda chombo kingine kisicho na madaraka, na kukipa fedha. Kijiji kikawa na kamati yenye sheria bila nguvu na ushirikiano wenye ruzuku bila sheria. Mwenye sauti akipelekwa kwenye ushauri, kiti cha uamuzi kinabaki kwa yule yule. Na ushauri una tabia moja: unaweza kupokelewa kwa shukrani, ukaandikwa kwenye muhtasari, na mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Mpango wa Shule Bora ulioanza 2021, nao kwa fedha za Uingereza, uliendelea kuutilia mkazo ushirikiano huo. Hatuoni sababu kwa nini wawakilishi wale wa madarasa wasiingie ndani ya kamati yenyewe, wakiwa na kura.

Wapo ndugu zetu wasomi watakaosema kwamba swali la ruzuku limekwisha kujibiwa na utafiti. Wanakusudia jaribio lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi nchini, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha kupanda kwa matokeo ya watoto katika mitihani ya watafiti. Zile ambazo walimu waliahidiwa malipo kulingana na matokeo zilionyesha mabadiliko yasiyo na uhakika. Zilizopata vyote viwili zilipanda waziwazi. Utafiti huo ni wa makini na kada asiusome kwa hasira. Hata hivyo, uangalieni ulipima nini. Ulipima fedha na ulipima kishawishi cha mwalimu. Haukulinganisha shule ambayo wazazi wake wana uwezo wa kuamua na kukataa na ile isiyo na uwezo huo. Anayetoka hapo na kusema "wazazi wameshindwa, tumlipe mwalimu kwa alama" anatoa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Na anayesema "fedha hazina maana" amesoma nusu ya ukurasa, kwa sababu bila ruzuku kile kishawishi peke yake hakikutosha.

Mfano wa ujenzi unafundisha zaidi kuliko semina nyingi. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari. Kila darasa liliwekewa shilingi milioni 20 na kazi ikatakiwa kwisha Desemba. Ngazi ya shule iliunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Matokeo yake wanafunzi wa kidato cha kwanza waliingia madarasani pamoja Januari 2022, bila kungojea uchaguzi wa awamu ya pili kama ilivyokuwa desturi. Huo ni ushindi. Lakini kwa upande wa madaraka, kamati zile tatu zilipewa ramani, bei na tarehe. Mahali ambapo mchanga unachimbwa jirani na mahali ambapo unasafirishwa kilometa tisini, bei ilikuwa ile ile. Mjumbe wa kamati ya mapokezi aliyesema nondo ni nyembamba alikuwa na haki ya kusema hivyo, ila nyuma yake alisimama mkuu anayesimamia tarehe. Katika shule ambako mjumbe wa namna hiyo alisikilizwa, hakusikilizwa kwa sababu ya mafunzo. Alisikilizwa kwa sababu alikuwa fundi anayeheshimika, au mzee asiyetishika.

Jambo la michango ndilo linaloonyesha mgongano wenyewe. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, baadaye ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Shabaha ilikuwa ya haki. Watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango iliyobuniwa ofisini, na ilifika mahali mzazi maskini hakuiona tofauti kati ya elimu bila malipo na elimu yenye ada. Lakini dawa ilikiondoa kisu mikononi mwa mpishi na mwizi kwa pamoja. Mkutano wa wazazi uliokaa, ukajadili uji wa watoto na kukubaliana debe la mahindi kwa kila kaya, nao ulilazimika kungojea ruhusa ya ofisi iliyo mbali. Katika mwaka huo huo mipango ikaendelea kutoa fedha za kuimarisha kamati!

Atakayejibu kwamba basi kamati zipewe uhuru wote, hata wa kutoza, atazame Afrika Kusini. Sheria ya Shule ya nchi hiyo ya 1996 ilizipa bodi zinazochaguliwa na wazazi madaraka makubwa: kupendekeza ajira ya walimu, kuamua mambo ya lugha, na kutoza ada kwa kura ya wazazi walio wengi. Shule za wenye uwezo zilitoza ada kubwa zikaajiri walimu wa ziada. Za maskini zilikuwa na bodi huru na mfuko mtupu. Kuanzia 2007 ikabidi ziwepo shule zilizotangazwa kuwa hazitozi ada, na sheria ya 2024 ikapunguza kauli ya bodi kuhusu lugha na uandikishaji, baada ya madaraka hayo kutumika mahali pengine kuwafungia mlango watoto wa Waafrika. Kumbe hata madaraka ya wananchi yana tabaka ndani yake. Hapa kwetu pia, chunguzeni kamati nyingi mtamkuta mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye lori, na mtu anayekitumia kiti cha kamati kama ngazi ya kwenda kwenye udiwani. Mama anayelima hayupo, kwa kuwa kikao huitwa saa nne asubuhi, wakati yuko shambani. Kukabidhi ruzuku kwa kamati ya aina hiyo na kuita kitendo hicho ushirikishwaji ni kuhamisha umangimeza kutoka wilayani kwenda dukani.

Kwa hiyo ukosoaji wetu unalenga mahali pamoja. Nguvu ya kamati hutoka kwenye mkutano mkuu wa wazazi, na ruzuku hizi zote karibu hazigusi mkutano huo. Fedha za mafunzo zinaishia kwa wajumbe wachache, tena mara nyingi katika ukumbi wa mjini, ambako nauli na posho humeza kile ambacho kingetosha kufundisha kijiji kizima chini ya mwembe wa shule. Mafunzo yakifanyika shuleni, kwa vitabu vya hesabu vya shule hiyo hiyo, mbele ya wazazi wote wanaotaka kusikiliza, mjumbe hatakuwa mtu pekee mwenye kujua. Taarifa ya fedha zilizotumwa na Hazina ingeweza kumfikia mwenyekiti na wawakilishi wa wazazi kwa ujumbe wa simu siku ile ile inapomfikia mwalimu mkuu. Sehemu ya ruzuku, hata moja ya tano, ingeachwa bila fungu, ili mkutano wa wazazi uamue kama mwaka huu ni choo cha wasichana au ni madawati. Watakosea mara nyingine, na wataona walichokosea, kwa sababu watakitazama kila siku wakipita. Kauli kwamba wananchi hawajaelimika vya kutosha kuamua choo tuliisikia kwa wakoloni, na haifai kuirithi.

Matawi nayo yana kazi, hasa ile ya kujizuia. Tawi linalopanga majina ya wajumbe kabla ya mkutano wa wazazi linaua kile linachodai kukijenga. Kada anayetaka kusaidia aende kwenye mkutano kama mzazi, aombe taarifa isomwe kwa sauti, aulize risiti iko wapi, na mwingine akiuliza amkinge asionekane mchochezi.

Wanafunzi wetu wanaokwenda katika mafunzo ya vitendo wataombwa safari hii wafanye kazi moja ndogo. Wachukue kwa ruhusa kitabu cha mihtasari cha kamati ya shule, cha miaka mitatu, na wahesabu ni mara ngapi imeandikwa kwamba kamati ilipokea taarifa, ni mara ngapi iliipitisha, na ni mara ngapi iliirudisha mpaka vielelezo viletwe. Waandike pia ni nani aliyekuwa ameshika kalamu.